Kaburi namba 1 na kaburi namba 4005

Masomo ya wiki: Isaya 43:1, Mathayo 25:36

"Nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu." Wapendwa, mstari huu tumezoea kuusikia kwenye ubatizo. Wiki hii tuusome tukiwa makaburini, Andersonville, jimbo la Georgia, Marekani, ambako katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani upande wa Kusini uliwafunga askari mateka wa Kaskazini.

Adam Swarner, askari wa farasi kutoka New York, alifariki gerezani hapo tarehe 27 Februari 1864. Ilikuwa nimonia. Gereza la mateka lilikuwa ndiyo kwanza limeanza kupokea watu, naye akapewa kaburi namba 1. Mwezi Julai mwaka huohuo ndugu yake Jacob akafia mlemle. Kaburi lake ni namba 4005. Kati ya ndugu hao wawili wamelala watu elfu nne na ushee, na ilichukua kama miezi mitano tu.

Waliuawa na nini? Si risasi, ingawa aliyevuka uzio mdogo uliowekwa kama futi 19 kutoka ukutani alipigwa risasi bila kuulizwa. Waliuawa na maji na chakula. Boma lilijengwa kwa ajili ya watu 10,000. Agosti walikuwa zaidi ya 32,000 kwenye ekari 26 na nusu, chini ya jua, wengi wakijikinga kwa blanketi lililoegeshwa juu ya vijiti. Kijito kilikuwa kimoja. Kabla hakijaingia bomani kilipita kwanza kwenye kambi ya walinzi na jikoni, kwa hiyo kilifika tayari kina mafuta na uchafu. Ndani, hichohicho ndicho kilichokuwa choo. Unga wa mahindi ulisagwa na gunzi lake, haukuchekechwa. Msidhani ni dona. Gunzi hukwaruza utumbo wa mtu ambaye tayari anahara damu. Mboga na matunda hayakuwapo, kikaja kiseyeye: fizi zinaoza, meno yanalegea, kidonda kilichopona zamani kinafunguka upya.

Agosti hiyo, baada ya mvua kubwa, chemchemi ya maji safi ilibubujika karibu na ukuta, ng'ambo ya ule uzio wa mauti. Wafungwa waliyachota kwa vikombe vilivyofungwa kwenye fito ndefu, wakaiita Chemchemi ya Majaliwa ya Mungu. Tunaamini walikuwa na haki ya kuiita hivyo. Lakini tusiihubiri nusu: mwezi huohuo walikufa karibu watu 3,000. Maji safi hayaponyi kiseyeye.

Sasa tuangalie jina linavyopotea. Mtu akifa, rafiki zake waliandika jina na kikosi kwenye kikaratasi, wakakibana kwenye nguo. Mwili ulipelekwa nje ya lango la kusini, ukaorodheshwa, ukapakiwa kwenye gari la kukokotwa. Mitaro ilikuwa na kina cha futi 3 au 4, maiti wakalazwa bega kwa bega bila jeneza, na juu ya kila mmoja kikachomekwa kijiti chenye namba. Namba ilioanishwa na daftari. Kikaratasi kikidondoka, au marehemu akiwa hana rafiki wa kukiandika, namba inabaki peke yake.

Aliyeshika daftari alikuwa mfungwa, Dorence Atwater wa Connecticut, kijana wa miaka 19. Kwa siri alinakili orodha ya pili, kwa sababu hakuamini kwamba ile rasmi ingefika kwa familia. Alitoka nayo. Mwaka 1865 alirudi Andersonville pamoja na Clara Barton, mwanamke aliyewahudumia majeruhi wa vita hivyo, na mafundi waliochonga na kuandika vibao, wakifuata namba moja baada ya nyingine. Tarehe 17 Agosti bendera ilipandishwa. Kati ya makaburi karibu 13,000, ni 460 tu yaliyobaki bila jina. Serikali yake ilimfunga Atwater kwa ugomvi wa kuichukua tena orodha hiyo. Baadaye alitumwa kuwa konseli, yaani mwakilishi wa Marekani, Shelisheli, huku kwetu Bahari ya Hindi.

"Nalikuwa kifungoni, mkanijia." Mafundi walichelewa kuwatembelea wafungwa, wakawatembelea hata hivyo, na rangi na brashi.

Mkikutana wiki hii msiombe kwa jumla, "marehemu wote". Atakayeongoza aandae majina matano ya askari waliofia kifungoni, na asome kila jina pamoja na kikosi, tarehe, na ugonjwa. Asikimbie kwenye ugonjwa. Neno "kuhara" ni gumu kulisema kanisani, lakini ndilo lililoandikwa. Matamshi yafanyiwe mazoezi kabla. Mwishoni asome namba chache za wasiojulikana. Asome namba, anyamaze kidogo, kisha asome namba inayofuata.