Radi Ilitutangulia Tororo

Safari haikuwa yangu. Mdogo wangu wa kike anasomea shahada ya uzamili ya jiolojia, na kazi yake ilimpeleka mashariki mwa Uganda kuchukua sampuli za miamba ya kale. Alihitaji mtu wa kumsindikiza, kubeba maji na kuandika namba daftarini. Shule zilikuwa zimefungwa, nami nafundisha fizikia, nikakubali kabla hajamaliza kuomba.

Kutoka Mwanza kupitia Sirari na Kisumu hadi Busia sina la kusimulia, ila wakala mmoja pale mpakani alitutoza fedha kwa ajili ya mashine ya kutobolea mawe, na risiti yake hatujaiona hadi leo. Nyumba ya wageni mjini Tororo nayo ilitutoza shilingi 60,000 za Uganda kwa chumba ambacho maji yalitoka alfajiri tu. Iliniuma.

Kila mgeni anayefika Tororo hukodolea macho ule mlima wa mwamba uliosimama wima katikati ya mji. Mdogo wangu hakuutazama mara mbili. Ule ni masalia ya volkano, na kwa hesabu za watu wa mawe ni mtoto. Alichokifuata ni graniti zilizolala chini chini vijijini kuelekea Busia, zenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Jiwe la moto linapopoa, chembe zake za magnetaiti, madini ya chuma yenye sumaku, zikishuka chini ya nyuzi 580 za Selsiasi hushika uelekeo wa uga wa sumaku wa Dunia wa wakati ule na kuutunza. Uga huo huzalishwa na chuma kilichoyeyuka kinachotembea kilomita 2,900 chini yetu, nao husaidia kuikinga angahewa isichukuliwe na upepo wa jua, yaani chembe zinazotiririka kutoka Jua. Kinga hiyo ilianza lini, na ilikuwa na nguvu kiasi gani wakati viumbe vya kwanza vinaanza kuishi? Wa kuulizwa ni mawe tu. Ya Barberton, Afrika Kusini, yameshajibu kwamba uga ulikuwepo miaka bilioni 3.45 iliyopita. Mwaka 2024 watafiti waliochunguza miamba ya Isua huko Greenland walitangaza uga wa miaka bilioni 3.7 iliyopita wenye nguvu isiyopungua mikrotesla 15 (mikrotesla ni kipimo cha nguvu ya uga). Nyuma zaidi ya hapo ni ubishi mtupu: kuna chembe za zirkoni, madini magumu sana, kutoka Jack Hills, Australia, ambazo wengine wanasema zimebeba sumaku ya miaka bilioni 4.2, na wengine wanajibu kwamba sumaku hiyo iliingia baadaye sana.

Ubishi huo sikuuelewa vizuri hadi tulipopanda kilima kimoja nje ya mji. Juu palikuwa na mwamba mzuri, mpana, umeoshwa na mvua, mahali ambapo yeyote angesema hapa ndipo pa kutoboa. Mdogo wangu akanipa dira. "Kaka, iweke juu ya jiwe, uisogeze polepole." Sindano ikaonyesha kaskazini. Nikaisogeza hatua moja, ikageukia mashariki. Hatua nyingine, ikatazama kusini kabisa na kutulia huko bila hata kutetemeka. Nikarudi nyuma, ikarudi nayo. Nimefundisha somo la sumaku miaka mingi, nimechora mistari ya uga ubaoni hadi chaki ikaisha, lakini sikuwahi kuona mlima ukiipotosha dira mbele ya macho yangu. Nywele zilinisimama.

Mzee mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe alikuja kutuangalia. Tukamwamkia shikamoo. Alitabasamu, akakaa kidogo, kisha akaitikia marahaba kwa sauti ndefu, akasema mara ya mwisho aliisikia kwa wanajeshi wa Tanzania mwaka 1979. Nikamwonyesha dira. Hakushangaa hata kidogo.

"Mwalimu, hapa radi anapiga kila mwaka. Ng'ombe yangu tatu ilikufa hapo unasimama, siku moja."

Nikahama pale niliposimama. Rekodi za hali ya hewa za miaka ya nyuma ziliihesabia Tororo zaidi ya siku 200 za ngurumo kwa mwaka, na eneo hili lote linalozunguka Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Mwezi Juni 2011, huko Kiryandongo, radi moja iliua wanafunzi 18 darasani. Mimi ni mwalimu. Habari ile sijaisahau.

Radi ikipiga mwamba, mkondo wa makumi ya maelfu ya ampia hupita ndani yake kufumba na kufumbua, na uga wa sumaku unaouzunguka mkondo huo hufuta kumbukumbu ya zamani na kuandika yake. Jiwe limekaa na siri yake miaka bilioni mbili na nusu, halafu mvua ya masika moja inaifuta. Mdogo wangu alikaa kimya, akaufungasha mtambo. Hatukutoboa hata tundu moja pale juu.

Tukateremka hadi kwenye machimbo ya kokoto, kwa kuwa jiwe lililofukuliwa mita kadhaa chini radi hailifikii kwa urahisi. Mwenye machimbo alitaka shilingi 300,000. Alikuwa ameshaamua kwamba tunatafuta dhahabu, na simlaumu sana, maana Tiira haiko mbali na watu huko wanaichimba kwa mikono. Akina mama waliokuwa wakiponda mawe ndio waliomwambia atuache. Tukalipa 80,000, ambazo bado naona ni nyingi kwa vipande vya mawe visivyojaza begi la shule.

Kazi yenyewe ni ya subira. Mashine inatoboa huku maji yakimiminwa, inaacha kijiti cha jiwe chenye kipenyo cha sentimita 2.5, urefu kama wa kidole. Kabla hakijavunjwa kinachorwa mstari ili ijulikane kilikaaje ardhini. Dira haiaminiki karibu na mawe ya namna hii, kwa hiyo uelekeo unapimwa kwa kivuli cha jua na saa. Karibu na ikweta, saa sita mchana kivuli kinakuwa kifupi mno hakisomeki, basi tukakaa tukala. Palikuwa pia na mshipa mweusi wa jiwe changa uliopenya graniti, na mdogo wangu aliufurahia kuliko chakula: alichukua vijiti kandokando yake, ambako graniti iliungua, na vingine mbali. Vya mbali vikionyesha uelekeo tofauti, ni dalili kwamba vilitunza sumaku ya kabla ya mshipa kuja.

Mama mmoja alikuwa ameketi karibu yangu akiponda. Alizungushia kila jiwe kitanzi cha mpira wa tairi la baiskeli ili vipande visimrukie usoni, akagonga mara mbili tatu, akatupa kwenye jerikeni. Jerikeni likijaa analipwa pesa isiyofika bei ya chapati moja iliyokunjwa na mayai. Alisikiliza maelezo yote, kisha akauliza, "Sasa kama jiwe inakumbuka, mimi nikivunja inasahau?"

Mdogo wangu akaweka kalamu chini. "Hapana, mama. Kila kipande kinabaki na sumaku yake, na nguvu yake tunaweza kuipima. Kinachopotea ni kujua kilikuwa kimelala kimeelekea wapi." Yule mama akakitazama kipande alichokishika, akampa. Mdogo wangu akakifunga kwenye karatasi, akaandika pembeni "bila uelekeo", akakiweka pamoja na vingine.

Njia nzima ya kurudi niliwaza Mwanza. Eneo hili la miamba ya kale linatoka katikati ya Tanzania, linapita kwetu na Mara, linagusa magharibi ya Kenya hadi kufika Tororo. Ni mawe yale yale tunayojengea nyumba juu yake, tunayoyapasua kwa moto wa matairi na kuyauza kwa lori, na ninayoyaona dirishani nikifundisha. Sampuli zitakwenda kupashwa moto maabara iliyoko Johannesburg, hatua kwa hatua hadi nyuzi 580, na gharama ya kuzisafirisha imeshanitisha.

Muhula ukifunguliwa nitawapeleka Kidato cha Pili kule Capri Point, hapa hapa Mwanza, wakatafute kwa dira mwamba uliopigwa radi. Shule ina dira tatu na moja sindano yake imekwama. Nimeshamwandikia mkuu wa shule kuomba nyingine kumi.