Makocha wa watoto wetu

Jioni hii hapa Dodoma wazazi tumetambulishiwa makocha wa soka wa watoto wa chini ya miaka 12.

Mmoja ni mwalimu wa michezo, ana leseni D ya ukocha ya CAF, Shirikisho la Soka Afrika. Mwingine muuguzi.

Wa tatu alikuwa kipa. Huyu kanikosha kweli!

Uwanja ni udongo mkavu, mgumu. Kawaanzisha watoto kudaka kwa kujirusha wakiwa wamepiga magoti: angukia ubavu, paja kwanza, nyonga, halafu bega. Kiwiko kisitangulie, kikibeba uzito wote ni rahisi kuvunjika. Na mpira ni namba 4, maana namba 5 ni mkubwa mno kwa viganja vyao.

Cheti ni muhimu, ila aliyedaka miaka mingi anaona kosa mtoto hajagusa chini.

Makocha wa watoto wenu wametokea wapi? Tuambizane hapa.