Ngoma za Ijumaa: tano tu, na tafadhali zisisikilizwe kwa spika ya simu

Kuna mdau kanitumia meseji kaniuliza, we jamaa mbona kila Ijumaa unatupa ngoma nne tano tu wakati apu yangu inanipa mia, tena za usiku wa kuamkia leo, afu wewe unachanganya na albamu za mwaka juzi. Swali zuri aisee, na nitalijibu hukuhuku kwenye listi, sitaki nianze na hotuba watu mkanikimbia kabla sijawapa muziki.

Kwa ufupi tu ni hivi. Hii habari ya Ijumaa siyo ya zamani kihivyo. Mpaka 2015 Waingereza walikuwa wanatoa albamu Jumatatu, Wamarekani Jumanne, kila nchi na siku yake, halafu Julai 2015 makampuni ya muziki yakakubaliana dunia nzima iwe Ijumaa, na mwezi huohuo Spotify nao wakaleta ile listi ya kila Jumatatu inayopangwa na mashine. Sasa piga picha, msanii asiye na lebo kubwa anaachia kazi yake Ijumaa, siku moja na mabosi wote wa dunia, ikifika Jumatatu keshafunikwa na hakuna anayemkumbuka, maana Ijumaa nyingine inakuja na mia nyingine. Mi nikianza kukimbizana na kalenda hiyo ntakuwa nasaidia kumfunika. Kwangu albamu ni mpya kama wewe hujaisikia, basi, na kazi za wasanii wetu wa kujitegemea nyingi hujazisikia. Zimepita Berlin na London zimeshangiliwa, huku kwetu zinapita kimyakimya au zinapigwa kabisa mtaani ila hakuna anayejua aliyepiga ni nani.

Na kingine, mashine inakupa jina la wimbo, haikuambii uusikilize vipi. Kuna muziki ukiuendea vibaya unauchukia bure. Mi kazi yangu ni hiyo tu, kukuonyesha mlango uko upande gani.

Haya. Tuanze na fujo.

Sisso na Maiko, albamu inaitwa "Singeli Ya Maajabu", imetoka 2024 kwa Nyege Nyege Tapes, lebo ya Kampala. Najua ukisikia singeli unawaza ile ya redioni, MC anachana kama ana basi la kuwahi Ubungo, maneno mengi, kiitikio cha kuimba na watoto. Hii siyo hiyo. Hapa mwenye nyumba ni kinanda na kompyuta, Maiko yuko kwenye kinanda anafinyanga visauti vya ajabuajabu, Sisso anaendesha mdundo, na spidi bana, singeli kwa kawaida inaanzia mapigo kama 200 kwa dakika na zile za hatari zinasogea 300, wakati amapiano unayoichezea harusini inatembea kwenye 112 hivi. Ni karibu mara mbili yake au zaidi.

Sasa watu wengi wanasikiliza sekunde ishirini wanasema hizi kelele. Siwalaumu, maana wamesikiliza kwa spika ya simu, na spika ya simu haina besi, besi ikitoka kwenye singeli kinachobaki kweli ni kelele. Tafuta spika yenye tumbo au hedifoni za kueleweka. Afu usijaribu kufuata kila pigo, kichwa kitauma. Sikiliza chini kabisa, kuna pigo zito linakuja taratibu kuliko mengine, tikisa kichwa na hilo, yale ya juu yaache yakimbie yenyewe. Ukishalipata hilo la chini mambo yanakaa sawa, unaanza kusikia kumbe kuna mpangilio, vitu vinaingia vinatoka kwa zamu, kuna vichekesho humo ndani, kuna sehemu kinanda kinatania kabisa.

Juzi kwenye foleni ya Mwenge dereva wa bajaji akaniambia bro unganisha simu yako kwenye redio tupate kitu, nikamuwekea hiyo. Hata haikufika nusu dakika akaongeza sauti, akasema "si kina Sisso wa Mburahati hawa, mbona tunawajua". Akaanza kupiga honi kwa kufuata mdundo, jamaa wa bodaboda pembeni naye akajibu kwa honi yake, tukawa na tamasha pale. Ye habari za lebo ya Kampala hana kabisa, na wala hajui kwamba tangu ule mkusanyiko wao wa 2017, "Sounds of Sisso", kuna watu Ulaya wanaandika makala ndefu kuhusu studio iliyoko mtaa wa jirani na kwao. Kwake hao ni majirani wanaopiga muziki wa vigodoro. Kiukweli nilifurahi, kwa sababu kuna namna ya kuandika kuhusu singeli kana kwamba iligunduliwa na mtu aliyeshuka na ndege, wakati huu mdundo umetokana na mchiriku, na mchiriku ulikuwa unapigwa uswahilini Dar na vile vinanda vidogo vya Casio vilivyounganishwa kwenye spika chakavu, watu wanakesha hapo, kabla hata intaneti haijafika mtaani. Kompyuta ilikuja tu kuongeza spidi.

Ukiipenda, rudi nyuma kidogo umtafute DJ Travella, "Mr Mixondo" ya 2022, huyo alikuwa bado kijana mdogo kabisa alipoitoa na anachanganya vitu ambavyo kiakili havitakiwi kukaa pamoja. Nakuachia.

Sasa pumua.

The Zawose Queens, "Maisha", 2024, lebo ya Real World ya Uingereza. Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote wiki hii na sifichi. Jina la Zawose si geni, marehemu Hukwe Zawose, yule mzee wa Kigogo aliyekaa Bagamoyo, sauti yake inapanda mpaka unajiuliza mtu ana mapafu mangapi, alizunguka dunia na marimba yake na zeze lake mpaka alipofariki 2003. Pendo ni binti yake, Leah ni mjukuu. Na hapa ndipo pananigusa, kwa sababu kwenye utamaduni ule wanawake walikuwa nyuma, wanaitikia, wanacheza, ngoma za muheme wanapiga vizuri sana wamezibana mapajani, lakini kusimama mbele na kushika ilimba, yani hiyo marimba ya vidole, na kutunga wimbo ukawa wako, hiyo ilikuwa kazi ya wanaume. Hawa miaka wameitikia. Sasa hivi wako mbele na jina la bendi ni lao.

Sikiliza sauti zao zinavyopishana. Kuimba kwa Wagogo hakuendi kwa mstari mmoja, mmoja anapanda, mwingine anabaki chini, wa tatu anaingilia kati kana kwamba anataka kukatisha, afu wote wanakutana sehemu moja ambayo hukuitarajia. Ilimba inaanza, vile vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, kuna ule mlio unaovumavuma pembeni ambao mtu aliyezoea gitaa safi anadhani spika yake imepasuka. Haijapasuka, ndivyo inavyotakiwa. Maprodyuza ni Waingereza wawili, Oli Barton-Wood na Tom Excell, na niliogopa hapo, kwa sababu mara nyingi prodyuza wa nje akipata sauti ya kiasili anamwagia madude ya kompyuta mpaka mwenye sauti anazama. Hawa wamejitahidi kujizuia. Kuna nyimbo wameongeza besi ya kielektroniki na imekaa, kuna sehemu moja mbili mi ningetoa, lakini sauti za wale akina mama hazijafunikwa hata mara moja, na hilo ndo la muhimu.

Hii isikilize jikoni unapika, yote kuanzia mwanzo, usiruke. Na kama una bibi au mama mtu wa Dodoma, muwekee afu nyamaza uone uso wake.

Ya tatu ni ya Nairobi na siyo ya kila mtu, nasema mapema. KMRU, albamu "Natur", 2024. Hamna ngoma, hamna kuimba, hamna kiitikio, ni kipande kimoja kirefu cha karibu saa nzima. Jamaa alihama Nairobi akaenda kuishi Berlin, akakuta usiku wa kule kimya sana ukilinganisha na kelele alizozoea nyumbani, akaanza kutafuta sauti ambazo sikio halizisikii, ana vifaa vya kunasa mawimbi ya umeme, yani ule umeme unaopita kwenye nyaya na mashine zilizotuzunguka, anaugeuza kuwa sauti. Ndo albamu hiyo. Najua mtu atasema huu nao muziki? Mi nakwambia weka hedifoni, zima taa, mpe dakika kumi. Ukichoka, acha, hatutagombana.

Ila kuna zawadi kwa watakaochoka. KMRU jina lake ni Joseph Kamaru, sawasawa na babu yake, na babu yake ndiye yule Joseph Kamaru mkongwe wa nyimbo za Kikuyu, aliyeimba kuhusu mauaji ya mwanasiasa J. M. Kariuki ya mwaka 1975 wakati wakubwa hawakutaka kusikia habari hiyo. Mzee alifariki 2018. Mjukuu kachukua zile rekodi za zamani anazisafisha na kuzipandisha Bandcamp, lile duka la muziki la mtandaoni, moja moja, gitaa lile tamu, sauti mbili za kupokezana, kwaiyo ukimuona mjukuu mgumu nenda kwa babu, hakuna anayeshindwa kwa babu.

Ya nne fupi maana majirani wananijua. Lord Spikeheart, "The Adept", 2024, ni metali, yani roki ile nzito kabisa, kupiga kelele kwa koo mpaka unahisi koo lako wewe ndo limekwaruzika, kachanganya na mitambo ya kielektroniki. Huyu ndiye aliyekuwa nusu ya Duma, wale wawili wa Nairobi. Kaitoa kwenye lebo yake mwenyewe, Haekalu, na ni kitukuu wa Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyekuwa Field Marshal wa Mau Mau, yule bibi aliyefuga rasta zake miaka na miaka mpaka zikakatwa 2022, mwaka mmoja kabla hajafariki. Ukijua hilo zile kelele zinakaa vingine kabisa, kuna hasira imerithiwa humo. Gym au ukiwa umeudhiwa kazini. Usimuwekee mtoto.

Ya tano, Nakibembe Embaire Group, wa Uganda, Busoga, albamu ya 2023 yenye jina la kundi. Marimba moja kubwa ya magogo, imewekwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini ili sauti ivume, afu wanaume kadhaa wamekaa pande zote mbili wanapiga kwa pamoja, kila mtu na kipande chake kidogo. Hakuna kompyuta hapo, lakini mwenye masikio ya singeli ataelewa mara moja, kile kizunguzungu ni kilekile.

Sasa suala la hela, maana mdau mwingine aliuliza kama kustrimu kunatosha. Hapana. Tangu 2024 Spotify wameweka sheria, wimbo usiofikisha strimu 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu, sifuri. Kwaiyo wewe na wenzako mkiusikiliza wimbo wa msanii mdogo mara mia tatu mmejiburudisha tu, yeye hajaona hata ya vocha. Bandcamp wanakata asilimia 15 ya mauzo ya mafaili, inayobaki ukitoa makato ya malipo inaenda kwa msanii au lebo yake, na kuna Ijumaa maalum, walizianza Machi 2020 wakati wa korona, ambazo hawachukui hiyo asilimia yao kabisa. Nazo zinaangukia Ijumaa, haya, hapo Ijumaa naikubali. Kadi za kidijitali za kwenye simu mara nyingi zinapita, na ukishanunua unashusha faili linakuwa lako, bando likiisha unaendelea kusikiliza, tofauti na ile ya kulipia kila mwezi ambayo ukiacha kulipa tu nyimbo ulizohifadhi kwenye simu zinafungwa.

Na bei mara nyingi ni kuanzia kiasi fulani na kuendelea, mwenye uwezo anaongeza. Mi huwa naongeza kidogo kwa wasanii wa huku kwetu, siyo kwa wema sana, ila najua makato yanayowangoja njiani.

Kama mfuko unaruhusu moja tu mwezi huu nunua "Maisha". Sisso na Maiko mnaweza kuchanga watu wawili na mwenye spika kubwa. Wiki ijayo nataka kwenda Kinshasa kwa Kokoko!, wanaotengeneza vyombo kwa makopo na vyuma vya jalalani, albamu yao "Butu" nimeanza kuisikiliza na nina ugomvi nayo kidogo upande wa pili, nitaelezea. Na mliopo Mwanza, Kigoma, Bukavu, Mombasa, mnaomjua mtu anarekodi chumbani kwake na hana wa kumtaja, nitumieni jina na linki, siyo skrinishoti ya kava bana, linki.