Jinsi nilivyompata mwalimu wa sanaa kwa watoto wa mtaa wetu

Wazazi wa Walukuba, hapa Jinja, waliponikabidhi kazi ya kutafuta mwalimu wa kufundisha watoto sanaa kila Jumamosi, niliamua kwamba vyeti ningevisoma baadaye. Kila aliyeomba kazi nilimkaribisha afundishe somo moja mbele ya watoto wenyewe, wa umri wa miaka mitano hadi kumi na miwili, nami nikakaa nyuma kutazama mikono yake kuliko kusikiliza maelezo yake.

Mwombaji mmoja alikuwa mchoraji hodari mno. Alichora ubaoni mtumbwi juu ya Ziwa Viktoria, watoto wakaunakili, na mwisho wa somo karatasi zote zilifanana. Wazazi waliopita dirishani walifurahi kuona kazi safi namna ile, na ninaelewa kwa nini, lakini mimi sikuona mtoto hata mmoja ndani ya michoro hiyo. Palipokuwa na mstari uliopinda, alichukua penseli ya mtoto na kuunyoosha yeye mwenyewe. Mtoto anayenyooshewa mstari hujifunza kwamba macho yake hayatoshi, na somo hilo hudumu kuliko lile la mtumbwi.

Mwalimu tuliyemchagua alianza bila kuchora chochote. Aliwaambia watoto wafumbe macho, akawasimulia asubuhi ya siku ya soko: nani amebeba nini, jua linatoka upande gani, nani amesimama karibu nawe hata kanga yake inakugusa. Kisha akawagawia karatasi. Njia hii ina mizizi hapa hapa Uganda, kwa maana Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937, alikuwa akiwasimulia wanafunzi wake tukio ili kila mmoja alione kwanza moyoni kabla ya kulichora. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni Gregory Maloba kutoka Kenya, aliyechonga Mnara wa Uhuru wa Kampala, na Sam Ntiro kutoka Tanganyika.

Jambo lililonishawishi kabisa lilitokea kwa mtoto wa darasa la pili aliyechora nyumba yao huku vitanda, sufuria na bibi aliyelala vikionekana kana kwamba ukuta haupo. Mwalimu hakumwambia kwamba ukuta huficha. Alichuchumaa kando yake akauliza, “Na wewe unalala wapi, mwanangu?” Mtoto akaongeza kitanda cha tatu. Viktor Lowenfeld, aliyeandika kuhusu ukuaji wa michoro ya watoto mwaka 1947, alieleza kwamba watoto wa miaka saba hadi tisa hivi huchora wanachokijua zaidi ya wanachokiona, na kwamba nyumba ya namna hiyo ni hatua ya kawaida ya ukuaji. Mwalimu asiyelijua hilo atasahihisha kitu ambacho hakijaharibika.

Hata hivyo, kumwachia mtoto uhuru si kumtelekeza. Wale wa miaka kumi na kuendelea huanza kuichukia michoro yao wenyewe kwa sababu wanataka ifanane na kitu halisi, na wengi huacha kuchora katika umri huo. Kwao mwalimu wetu alibadilika kabisa: aliweka mtungi mezani, akawaonyesha kwamba mdomo wake ukitazamwa kwa upande huwa duara lililobanwa, akawafundisha kupima kwa penseli na kutia kivuli kwa makaa. Kwa maoni yangu, sifa kuu ya mwalimu wa sanaa wa watoto ni kujua nani wa kuachwa na nani wa kuongozwa, ndani ya chumba kimoja na saa moja.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Alikuja na udongo mwekundu wa kichuguu uliochekechwa, bizari ya manjano na uji mwepesi wa muhogo wa kushikisha rangi, pamoja na vipande vya kitambaa cha gome la mti wa mutuba, ambacho Baganda wamekitengeneza tangu zamani. Fedha kidogo tulizokuwa nazo zikabaki kwa ajili ya karatasi na brashi nzuri.

Kikwazo kilikuwa kwa wazazi. Mtihani wa mwisho wa shule ya msingi hupima Kiingereza, hisabati, sayansi na maarifa ya jamii, na baba mmoja alimuuliza waziwazi, “Mwalimu, kuchora kutamsaidia nini binti yangu akifika darasa la saba?” Mwalimu alimwita binti huyo aueleze mchoro wake. Mtoto ambaye kwa kawaida hujibu kwa kutikisa kichwa alizungumza mfululizo, akieleza kwa nini aliweka mtu mkubwa mbele na mdogo nyuma. “Baba,” mwalimu akasema, “huko ndiko kupanga mawazo.” Baba akalipa ada ya muhula.

Kabla ya kukubali kazi, mwalimu alitoa sharti moja: kila mtoto awe na bahasha yake ya kuhifadhi michoro yote, iliyoandikwa tarehe, ili alinganishwe na kazi zake mwenyewe za awali na si za jirani yake. Tulitenga kabati moja kwa ajili ya bahasha hizo, na mzazi anayeuliza maendeleo ya mwanawe huonyeshwa yake tu.