Machipuko huku Ujerumani: vyura kwenye ndoo, mayai kisimani

Nyie mlioko nyumbani mnaodhani machipuko huku ni maua na kupiga picha tu, haya sikilizeni. Mwezi wa tatu hapa tunapoishi, maeneo ya Mannheim, baridi bado ipo kabisa, asubuhi unakuta nyuzi mbili tatu, lakini jua likitoka tu hata la nusu saa Wajerumani wote wako nje, wamekaa kwenye viti vya mgahawa na blanketi magotini, wamefumba macho wanaota jua. Na ni wale wale ambao tangu Novemba ukipishana nao kwenye ngazi unaambulia "Hallo" moja ya haraka na mlango unafungwa. Mimi huwa nawaambia Watanzania wanaofika huku, kama unataka kumjua jirani yako Mjerumani usihangaike naye Januari, msubiri machipuko halafu mfuate huko huko anakokwenda, hata kama huelewi anakwenda kufanya nini.

Dalili ya kwanza ni aiskrimu. Maduka mengi ya aiskrimu ni ya Waitaliano na mengi yanafunga wakati wa baridi, yakifunguliwa mwezi wa pili au wa tatu foleni inafika barabarani, watu wamevaa makoti na kofia za sufu wanalamba aiskrimu kwenye nyuzi tisa. Wanangu wao ni ile inayofanana na tambi, Spaghettieis, na hii ni ya kwetu kabisa maana ilibuniwa hapa hapa Mannheim mwaka 1969 na Dario Fontanella. Aiskrimu ya vanila inakandamizwa kwenye chombo cha kutengenezea tambi inatoka nyuzi nyuzi, inamwagiwa sosi ya stroberi ionekane kama ya nyanya, juu wanakwangua chokoleti nyeupe badala ya jibini. Mdogo wangu alipokuja kututembelea alikataa kabisa, akasema yeye hali tambi za baridi.

Sasa vyura. Hapa nikae kidogo.

Huku kuna vyura wanaolala ardhini msituni majira yote ya baridi. Ikifika mwisho wa Februari au Machi, usiku ukipata joto la nyuzi tano hivi kwenda juu na kamvua ka manyunyu, wanaamka kwa mkupuo wanaanza safari ya kwenda bwawani kutaga, wengi wao bwawa lile lile walilozaliwa. Tatizo katikati kuna barabara ya lami na magari. Basi watu wa kujitolea wanaweka kauzio kafupi ka plastiki pembeni ya barabara, wanafukia ndoo ardhini kila baada ya hatua kadhaa, chura akifika kwenye uzio anaufuata ufuata mpaka anadumbukia kwenye ndoo, halafu jioni na asubuhi mapema watu wanapita kukusanya, wanahesabu, wanaandika kwenye karatasi madume wangapi na majike wangapi, wanawavusha kwa miguu upande wa pili. Kuna barabara nyingine zinafungwa kabisa usiku kwa ajili yao, unakuta kibao cha chura na gari hupiti, zunguka.

Aliyetuingiza huko ni mzee wa ghorofa ya tatu, mstaafu, ambaye miaka yote tulikuwa tunajua tu kwamba hapendi viatu viachwe kwenye ngazi. Siku hiyo alimwona mkubwa wangu anachungulia ndoo zake mlangoni akamuuliza unataka kuja? Basi tukaenda ukoo mzima, gambuti, koti la mvua, zile fulana za njano za kuakisi mwanga, tochi kichwani, kigiza kinaingia na mvua inatonyatonya. Mzee akatuonyesha, unamshika taratibu katikati ya mwili na glovu zilizolowa, humbanibani. Dume ukimshika anatoa kasauti kafupi kafupi, kwik kwik kwik, maana yake niachie mimi si jike, na kweli wengi unawakuta dume limeshapanda mgongoni kwa jike limeng'ang'ania, jike ni kubwa mara mbili yake na ndilo linalotembea. Mkubwa akauliza kwa sauti kwa nini huyu hatembei mwenyewe, na pale palikuwa na akina mama wa Kijerumani wanne, walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye majani yenye maji. Tangu siku hiyo tunasalimiana kwa majina.

Nilivyompigia mama simu kumsimulia akanyamaza, halafu akasema, "Mwanangu, mmepanda ndege kutoka Dar kwenda kubeba vyura?" Nikamwambia ndiyo mama, na mwenyezi mungu akipenda mwakani tena. Akasema haya, msalimie baba watoto mwambie namwombea.

Mwezi huo huo kuna Sommertag, siku ya kumfukuza baridi, na hii usiitafute Berlin wala Hamburg, ni ya huku kwetu bonde la mito ya Rhine na Neckar. Inaangukia Jumapili ya wiki tatu kabla ya Pasaka. Heidelberg wanayo kubwa, ila mimi napenda ya Weinheim, mji mdogo mwendo mfupi tu wa treni kutoka Mannheim, una ngome mbili juu ya kilima na uwanja wa soko uliokaa mteremko, ukiweka kigari cha mtoto bila breki kinakukimbia. Kila mtoto anashika fimbo iliyozungushiwa karatasi za rangi, juu imechomekwa Brezel, ule mkate uliosokotwa, na yai lililotobolewa likatolewa ute wote likabaki ganda. Kuna watu wamevaa majani makavu mwili mzima hao ndio baridi, wengine wamejifunika majani mabichi hao ndio joto, bendi zinapiga, watoto wanaimba wimbo wa lahaja ya huko ambao hata Wajerumani wa kaskazini hawaushiki vizuri. Mwisho wa maandamano ni sokoni, wanachoma moto sanamu kubwa la mtu wa theluji, zimamoto wamesimama pembeni na mipira yao ya maji. Baba watoto akasema huyu angechomwa tangu Desemba, anasubiriwa nini. Mdogo hakuona chochote maana alikuwa ameshakula Brezel yake kabla hatujafika nusu ya njia na alikuwa anadai ya dada yake.

Halafu milozi. Ng'ambo ya Rhine, upande wa Pfalz, kuna kijiji cha Gimmeldingen pale Neustadt, chini ya vilima vya Haardt, na kwa sababu vilima vinakinga upepo na bonde lina joto kuliko sehemu nyingi za Ujerumani, lozi zinastawi. Zinachanua maua ya pinki mwezi wa tatu wakati miti mingine yote bado ni kuni. Sherehe yao haina tarehe ya kudumu, wanasubiri maua yenyewe yaamue ndipo wanatangaza, kwa hiyo kama wewe ni mtu wa kupanga wikiendi miezi mitatu kabla, yaani Mjerumani wa kawaida, unapata shida kidogo na mimi kidogo nafurahi. Usafiri ni tiketi ya mwezi ya nchi nzima, Deutschlandticket, euro 63 tangu Januari 2026, ilianza kwa 49 mwaka 2023 jamani hivi vitu havishuki, ila treni zote za mikoa na mabasi umemaliza na mtoto chini ya miaka sita anapanda bure. Siku ya sherehe treni inajaa kama daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni, usipeleke kigari kikubwa.

Kule wanakunywa mvinyo uliochanganywa na maji ya gesi kwenye glasi za nusu lita zenye vishimo vishimo, zinapitishwa mkono kwa mkono hata kwa mtu asiyekujua, sisi tusiokunywa kuna juisi ya zabibu. Chakula chukueni Dampfnudel, ni donge la unga lililoumuka likapikwa kwa mvuke kwenye sufuria yenye mafuta na chumvi, chini linashika ukoko wa chumvi chumvi, ule ukoko ndio wenyewe, wanangu wanaugombania. Unakula na sosi tamu ya vanila au supu ya viazi. Mizabibu ilivyojipanga pale mtu wa Dodoma angetulia kabisa, labda baridi tu ndiyo imkere.

Msituni nako kuna kitunguu saumu cha mwituni, Bärlauch, unaingia tu pua inakuambia. Unaruhusiwa kuchuma konzi moja ya kula nyumbani, si ya kuuza. Mimi nakitwanga na karanga na pilipili au nakitupia kwenye mchicha. Ila naomba mnisikie vizuri hapa: majani yake yanafanana na ya Maiglöckchen na Herbstzeitlose, zote mbili zina sumu, na hiyo ya pili inaua. Kunusa kunasaidia mwanzo tu, ukishachuma kidogo mkono wote unanuka kitunguu na kila jani litanukia hivyo hivyo. Nenda na mtu anayekijua, chuma jani moja moja, na kama una wasiwasi nunua sokoni yameisha.

Pasaka sasa. Ijumaa Kuu huku ni kimya cha kisheria, kumbi za dansi haziruhusiwi kupiga muziki wa kucheza, maduka yamefungwa, Jumapili yamefungwa, Jumatatu yamefungwa, kwa hiyo Jumamosi katikati supamaketi ni vita. Kwenye vijiji vya Wakatoliki kengele za kanisa zinanyamaza kuanzia Alhamisi Kuu, wanawaambia watoto zimeruka kwenda Roma, na watoto wenyewe ndio wanazunguka mitaani na vyombo vya mbao vya kukereza, krrrrr, kuita watu ibadani. Wangu walitamani kuhamia. Halafu kuna moto wa Pasaka, wanarundika lundo kubwa la matawi, na lundo hilo kwanza linatakiwa kufumuliwa na kupangwa upya kabla ya kuwashwa, maana nungunungu wadogo wa huku na ndege wanaweza kuwa wamejificha ndani. Nilipoambiwa sikushangaa, si nimeshabeba vyura.

Kilichonigusa kuliko vyote ni visima. Mwaka jana Pasaka tulienda Fränkische Schweiz, kaskazini mwa Bavaria, kati ya Nürnberg, Bamberg na Bayreuth. Huko vijiji vingi vinapamba visima vyao kwa mashada ya majani mabichi, riboni na mayai yaliyochorwa kwa mkono, yamepangwa kwa kamba mpaka yanakuwa taji juu ya kisima. Kijiji cha Bieberbach kiliingia kitabu cha rekodi za Guinness mwaka 2001 kwa kisima chenye mayai zaidi ya 11,000. Nikasogea karibu nikaangalia moja moja, kuna yai lina kanisa la kijiji limechorwa na madirisha yake yote, jingine lina jogoo tu, la mtoto bila shaka, rangi imetiririka mpaka chini. Nikamuuliza bibi mmoja aliyekuwa anafunga riboni iliyochomoka na upepo, akaniambia huku juu mlimani mawe ni ya chokaa, mvua ikinyesha maji yanazama yote, zamani kabla ya mabomba wanawake walikuwa wanateka mbali huko bondeni. Nikamwambia bibi yangu Same alikuwa hivyo hivyo, ndoo kichwani, kupanda kilima. Akaniangalia, akanipa mkono akasema basi wewe unaelewa hiki kisima, wale wanaoshuka kwenye mabasi ya watalii wanaona mayai. Baba watoto ananiita twende, nikamwambia ngoja kwanza mume wangu, nimepata ndugu hapa. Visima vinabaki vimepambwa wiki mbili hivi baada ya Pasaka kwa hiyo hata mkichelewa nendeni, na nendeni vijiji vidogo visivyo na mabasi.

Mwaka huu hatuendi mbali, mkubwa ana mambo yake ya shule na huyu mdogo chekechea wametuletea karatasi kwamba kila mzazi alete maganda ya mayai kumi, meupe, yasiyopasuka, ya kuning'iniza kwenye mti uani kwao. Kutoboa na kupuliza ni kazi yangu, mashavu yanauma. Kwa hiyo wiki hii yote kwetu ni chipsi mayai, na jana mzee wa ghorofa ya tatu alipita kuchukua sahani yake, anasema ongeza chumvi.