Gitaa Katikati ya Kwaya

Kurt Cobain, mwimbaji wa bendi ya roki ya Nirvana, alifariki Aprili 1994. Mimi nilimlilia 1997, Buruburu, Nairobi, nikiwa kidato cha pili, kwa sababu ndipo habari zake ziliponifikia. Albamu yao ya Nevermind ilikuwa imetoka Septemba 1991, na Januari 1992 ikamng'oa Michael Jackson kileleni mwa chati ya Marekani, televisheni ya muziki ya MTV ikiipigia debe usiku na mchana. Kwetu MTV ilikuwa hadithi. Capital FM ndiyo kwanza ilikuwa imeingia hewani 1996, na hata hapo ilibidi ungoje wimbo wako, kidole juu ya kitufe.

Pesa ya kaseti tupu sikuwa nayo. Nikachukua ya mama, ya kwaya, nikaziba vile vitundu viwili vya juu kwa karatasi niliyoitafuna, nikarekodi katikati ya upande wa pili. Gitaa lilivamia pale pale besi wanapoingia. Mtangazaji akaukata wimbo mwishoni ili ataje saa, kisha kwaya ikaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Mama aligundua Jumapili. Nilifua nguo za nyumba nzima wiki mbili.

Sura za Nirvana sikuzijua. Kwa sauti ile niliwaza majitu. Miaka baadaye, kwenye saiba moja mtaa wa Tom Mboya, YouTube ikikwama kila sekunde chache, nikakuta kijana mwembamba, nywele zimemfunika uso. Nilivunjika moyo kidogo, nisiseme uongo.

Juzi mpwa wangu alinipachika kisikizi kimoja sikioni. "Mjomba, sikiza hawa." Walikuwa Duma, vijana wawili wa hapa hapa Nairobi: ngoma za mashine, kelele, mtu anapiga mayowe kama anayeng'olewa jino. Albamu yao ilitolewa 2020 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Uganda. Mimi ninayejiita mtu wa roki nimewajua kupitia kwa mtoto, naye mtoto kapendekezewa na simu.

Ni raha, sikatai. Lakini mama yake, anayekula naye meza moja kila siku, hajawahi kuwasikia Duma hata kwa bahati mbaya. Zamani redio haikukuuliza. Kwenye matatu ya 58 dereva akifungulia, gitaa lilitupata sote, mimi, konda na mama mwenye kikapu cha sukuma, na kila mmoja akawa na lake la kusema. Konda aliwahi kutangaza kwamba hawa wazungu wanagombana na vyombo.

Kaseti ile ilishapotea. Mama bado anauimba wimbo wake wa kwaya akisonga ugali. Akifika pale besi wanapoingia, husita, hugonga mwiko mara nne kwenye ukingo wa sufuria, ndipo aendelee. Nimemwuliza kwa nini. Anasema ndivyo wimbo ulivyo.