Nikahi ya Tanga ilivyonipatia visa ya mwenza ya Marekani

Ukiambiwa ukafunge ndoa upya bomani ili upate cheti cha serikali cha kupeleka kwenye maombi ya visa, kataa. Mimi niliambiwa hivyo na ndugu, na majirani, na hata na mtu ambaye kazi yake ni kuwajazia watu fomu za Marekani na hela yangu alishaipokea. Ningemsikiliza ningejiharibia kabisa. Naandika haya nikiwa Columbus, Ohio, kadi ya ukaazi ninayo, na kila nikiukumbuka ushauri ule damu inanichemka.

Tulioana Tanga, Januari 2021, kwa nikahi ya msikitini Ngamiani kama walivyooana wazazi wetu. Mume wangu ni mtoto wa Tanga vilevile, ila alishachukua uraia wa Marekani. Aliporudi kwake akatuma ombi la I-130, fomu ambayo raia wa Marekani humwombea mwenza wake. Wakati ule lilikuwa dola 535. Tangu Aprili 2024 ni 675 kwa karatasi na 625 kwa mtandao. Likapita. Tukalipa dola 325 na 120 za hatua inayofuata, nikaskani cheti tulichopewa msikitini, kizuri, kina mhuri na saini ya shehe. Kikarudishwa. Wanataka cheti cha ndoa cha RITA, wakala wa serikali wa usajili.

Jambo ambalo hakuna aliyenieleza mapema ni kwamba Marekani haikuulizi kama ndoa yako inafanana na za kwao. Inauliza kwanza: huko ilikofungwa, sheria ya huko inaitambua? Na Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua nikahi waziwazi, pamoja na ndoa ya kanisani, ya kimila na ya bomani. Tena inasema ndoa haibatiliki kwa sababu tu haikusajiliwa. Kwa hiyo mimi nilikuwa mke wa mtu tangu Baba alipotamka kuniozesha. Tatizo ni kwamba Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ina orodha ya nyaraka inazokubali kwa kila nchi, na kwa Tanzania Bara cheti cha ndoa kinatoka RITA. Mtu anayepitia mafaili kwenye kituo chao cha visa kule New Hampshire hamjui shehe wetu, anaijua orodha yake.

Yule mjaza fomu akasema dawa ni kiapo. Basi tukaenda kwa wakili. Baba akaapa, shahidi mmoja wa ndoa akaapa, na mimi nikaapa. Baba alivaa kanzu yake ya Ijumaa na koti kwenda kusaini, akasoma kila ukurasa polepole mpaka karani akaanza kutazama saa, akauliza kwa nini jina la babu limeandikwa kwa herufi moja tu, likaandikwa upya. Karatasi zilijaa mihuri, na hela iliyotoka pale ingenunua mbuzi wawili wa akika na chenji ikabaki. Nikapakia zote. Wiki zikapita, naamka usiku kuangalia simu kwa sababu kwao ndiyo kwanza mchana. Jibu likaja fupi, ni lilelile la mwanzo: leta cheti cha RITA. Kiapo kina kazi yake pale ambapo cheti hakipatikani kabisa, na hata hapo watataka barua ya ofisi husika kuthibitisha kwamba hakipatikani. Changu kilikuwa kinapatikana, ila hakuna aliyekuwa amekifuata. Mtu anayelipwa kwa kazi hii alipaswa kulijua hilo kabla hajamwapisha mzee wa watu.

Hapo ndipo akaja na hilo la bomani. "Dada, mkifunga bomani cheti mnapata siku hiyohiyo." Kwanza si kweli, notisi ya kusudio la kuoana kwa kawaida ni siku 21. Pili, na hili ndilo kubwa, ombi letu lilisema tumeoana Januari 2021. Nikipeleka cheti cha mwisho wa 2022, maana yake siku mume wangu anatuma ombi la kumwita mkewe alikuwa hana mke. Ombi linakufa, ada haziturudii, na faili linabaki na tarehe mbili za ndoa moja. Nani atatuamini tena?

Aliyeniokoa ni shangazi yangu, ambaye hajawahi kuishika fomu ya visa. Aliniuliza tu: "Mwanangu, siku ile baba yako alisaini wapi?"

Alisaini kwenye kitabu! Shehe mwenye leseni ya kufungisha ndoa ana kitabu cha serikali chenye nakala za kuchana. Karatasi tuliyopewa sisi ilikuwa ya msikiti. Za serikali hazikuwa zimechanwa wala kufikishwa wilayani. Nikaenda msikitini, wakafungua kabati la ofisi, tukatoa juzuu, mafaili ya michango ya kisima, risiti za mabati, kitabu hakuna. Shehe alishahamia Pangani, na kitabu akaenda nacho.

Tukaondoka mimi, Baba na shemeji, maana shemeji ndiye shahidi wa pili wa ndoa yetu. Tulimkuta shehe barazani ametoka kuswali adhuhuri. Hakubishana hata kidogo. Aliingia ndani akatoka na vitabu vimefungwa kwenye kanga, akavifungua juu ya mkeka kimoja kimoja. Napitisha macho majina ya watu wa mtaani kwetu: huyu nilisoma naye, huyu alishaachika, huyu Mungu amrehemu. Halafu nikajiona. Jina langu, la mume wangu, mahari kwa tarakimu na kwa maneno, na saini ya Baba. Baba akisaini hukandamiza kalamu, na saini yake ilikuwa imepenya mpaka nakala ya mwisho, unaweza kuipapasa kwa kidole. Nililia pale pale mbele ya shehe, naye akaagiza niletewe maji.

Sasa sikilizeni ninachojivunia. Sikuomba nakala wala barua. Nilimwomba shehe mwenyewe, na leseni yake, na kitabu chake, aje nasi Tanga hadi ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya ambako usajili hufanyika. Nauli na chakula juu yangu. Afisa akauliza hiki na kile, kila swali linajibiwa na mtu aliyefungisha ndoa, kitabu kikiwa wazi mezani. Yaliyobaki yakawa ada, foleni na kusubiri. Cheti kilipotoka, tarehe ya ndoa ilikuwa ileile ya Januari 2021, na tarehe ya usajili ndiyo ya baadaye. Msiondoke dirishani kabla ya kuhakikisha hilo.

Kuna kifungu kingine ambacho watu wa pwani tunapaswa kukijua. Sheria yao ya uhamiaji haimtambui mke au mume kama wakati ndoa inafungwa wawili hao hawakuwa pamoja, kila mmoja mbele ya mwenzake, isipokuwa baada ya ndoa walikutana kimwili kama mke na mume. Na sisi nikahi zetu ndivyo zilivyo: bwana harusi yuko msikitini na wanaume, bibi harusi yuko ndani na kina mama. Picha zetu zote za msikitini hazina bibi harusi! Nilizipanga kwa saa. Mume wangu msikitini, nyuma yake ile saa ya ukutani ya nyakati za swala inasomeka vizuri. Wanaume wanakuja nyumbani. Mume wangu ameingia chumbani, ameniwekea mkono kwenye paji la uso ananisomea dua, na mama yangu yuko pembeni. Halafu Lushoto tulikokwenda fungate, na risiti ya nyumba ya wageni yenye majina yetu wote wawili. Mwisho, muhuri wa pasi yake unaoonyesha aliondoka nchini wiki kadhaa baada ya ndoa.

Kwenye usaili ubalozini Dar, mwaka 2023, afisa aliniuliza: siku ya ndoa wewe ulikuwa wapi? Nikamwambia ukweli, nyumbani, na Baba ndiye aliyeniozesha. Nikamwekea picha kwa mpangilio wake. Akaiangalia ile ya dua kwa muda, akauliza yule mama ni nani, akarudisha. Rekodi za hela na meseji nilizobeba hakuzigusa sana.

Na kwa kuwa cheti kilibeba tarehe ya nikahi, ndoa yetu ilishavuka miaka miwili. Visa yangu ilitoka IR1, ile ya mwenza wa raia ambaye ndoa yake imetimiza miaka miwili, nikapata kadi ya miaka 10. Ingekuwa chini ya miaka miwili ningepewa ya masharti, ya miaka miwili, na kabla haijaisha tungetakiwa kutuma I-751 kuthibitisha ndoa upya. Bomani ingenipeleka huko.

Wa Zanzibar, ninyi mna sheria zenu na wakala wenu wa usajili, msipoteze nauli kuja RITA. Na kama mmoja wenu alishaoa au kuolewa kabla huku Bara, karatasi ya talaka ya shehe peke yake haitoshi, inatakiwa amri ya mahakama. Ianzeni hiyo kabla ya kulipa dola hata moja, kwa sababu kupitia baraza la usuluhishi na mahakama kunachukua muda.